Mdogo Ndiye Aletaye Maji

Kikao cha halmashauri kilikuwa kimeanza baada ya chakula cha jioni, na mji mzima ulishalala, lakini Huguette Bourgoin alikuwa bado amekaa jikoni kwake akisikiliza magari ya barabarani. Alishaosha vyombo vyake vya jioni, akavifuta, akavirudisha kabatini, kisha akavitoa tena akaviosha upya, maana mikono yake haikuzoea kukaa bure na moyo wake haukutaka kutulia. Alikuwa mjane aliyekaribia kustaafu, mpishi wa kantini ya shule ya Chassenay, mji mdogo ulio kando ya mto Loire. Na kule kwenye ukumbi wa manispaa, watu waliovaa suti walikuwa wakiamua habari ya glasi zake.

Zake ni kwa kusema tu. Glasi zilikuwa mali ya mji. Zilinunuliwa wakati Huguette mwenyewe akiwa mwanafunzi mwenye magoti yenye vidonda: glasi fupi, nene, za kioo kigumu kilichopikwa na kupozwa ghafla, nyingine nyeupe na nyingine za rangi ya asali, pamoja na sahani zake. Zilioshwa kila siku ya shule tangu hapo, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyezitazama mara mbili. Halafu watu wa Paris wakaanza kuzitafuta. Siku ya Jumapili, kwenye gulio la vitu vikuukuu, ungewaona wamechutama mbele ya maboksi, wanazigeuza, wanazigonga kwa kucha, wanaitana kwa furaha kana kwamba wameokota yai la mbuni. Sasa mnunuzi mmoja wa vitu vya kale alikuwa ameiandikia manispaa kwamba anazitaka zote, sahani na glasi, hadi ya mwisho.

Mwanawe, Régis, alikuwa diwani. Ndiye Huguette aliyekuwa akimsubiri.

Mama wa mtoto mmoja hujifunza kusoma kelele. Huguette alijua kwamba Régis akiwa na haki, hubamiza mlango wa gari. Akiwa amefanya jambo la kumwonea haya mama yake, huufunga taratibu, kwa kiganja, kama anayefunika mtoto aliyelala. Gari lilipofika hatimaye, Huguette alitega sikio. Mlango ulifungwa taratibu.

"Hujalala?" Régis aliuliza alipoingia.

"Nilale vipi? Sema."

"Nivue koti kwanza."

"Koti halizibi mdomo."

Régis akalivua hata hivyo, akalitundika, akapangusa miwani yake kwa ncha ya shati. Alikuwa mtu mzima wa ofisi ya bima, mwenye mvi mbili tatu, lakini mbele ya mama yake mabega yake yalikuwa bado yanashuka.

"Imepita, Mama. Glasi zinaondoka."

"Nani alikataa?"

"Mzee Pottier. Lakini yule hukataa kila kitu, hata ratiba ya kuzoa taka."

"Na wewe?"

Régis alivaa miwani. "Nilinyosha mkono."

"Mkono upi?"

"Mama, jamani!"

"Nauliza, mwanangu. Nataka kujua kama ni ule niliokuwa nakushika tukivuka barabara, au ni mwingine uliokuota baadaye."

"Ilimpasukia Capucine mdomoni!" Régis alipaza sauti, kisha akaishusha. "Umesahau? Mwanangu. Mjukuu wako. Angepofuka."

Huguette hakuwa amesahau. Kioo kile kina tabia yake: kinavumilia kuangushwa, kupigwa, kumwagiwa maji ya moto, kinavumilia miaka na miaka bila malalamiko, halafu siku moja, bila hata kuguswa, kinapasuka kwa mlio wa bunduki na kuwa chembe kama chumvi ya mawe. Siku ile Capucine alikuwa amekiinua anywe. Huguette alifika mezani kabla mlio haujaisha, akamwinamisha kichwa, akamwambia asifumbue macho, asimeze, asipumue kwa mdomo, akamtoa chembe moja moja kwenye nywele na kwenye kola. Mtoto alitoka na mkwaruzo mdogo kwenye mdomo wa chini, basi. Bibi yake ndiye aliyetetemeka mpaka jioni. Na usiku mwingi tangu hapo aliusikia ule mlio akiwa amelala, akaamka na kuwasha taa.

"Nilikuwepo," alisema. "Wewe ulikuwa ofisini."

"Ndiyo, ulikuwepo! Na ni nani aliyekuwa akiziangusha sakafuni kila mwaka, watoto wacheke? Siyo wewe? Kioo kikipigwa kinaweka mkwaruzo, mkwaruzo unakaa unangoja. Hata mimi najua hilo."

Neno lile lilimpata. Ilikuwa kweli. Kila shule ilipofunguliwa, Huguette alisimama mbele ya watoto wapya waliokuwa wanalilia mama zao, akainua glasi juu, akasema, "Tazameni nyinyi mnaolia," akaiachia. Glasi iligonga vigae, ikaruka, ikabingirika hadi chini ya meza, nzima. Watoto walisahau kulia. Ulikuwa mchezo wake, na mji mzima uliujua.

"Sawa," alisema Huguette. "Hilo ni langu. Sitaziangusha tena. Sasa niambie, watoto watanywea nini?"

"Kila mmoja ataleta kikombe chake cha plastiki kutoka nyumbani, kimeandikwa jina. Ni usafi, hakuna kuchanganya, hakuna kelele. Bi Meya amefikiria vizuri."

Huguette aliweka kitambaa mezani. Hili hakuwa ameambiwa.

"Chake? Kutoka kwao?"

"Ndiyo. Kuna ubaya gani?"

Mama yake alimtazama kama anayemtazama mgeni aliyekosea nyumba. "Mnunuzi anakuja lini?"

"Kesho. Ni Jumatano, watoto hawapo shuleni. Nimemwambia nitampokea mimi."

"Utampokea kwa funguo gani?"

"Mama, usianze."

"Sijaanza," alisema Huguette. "Nikianza utajua."

Ili uelewe kwa nini mwanamke yule, ambaye maishani hakuwahi hata kulipishwa faini ya kuchelewesha kitabu cha maktaba, aliamka alfajiri ile akiwa tayari kugombana na manispaa, inafaa ujue alinywea nini alipokuwa mdogo.

Mama yake alikuwa dobi. Alifulia familia za mjini, na mikono yake ilipasuka kila kipupwe. Siku hizo kantini ya shule ilitoa supu na mkate, lakini chombo cha kunywea ulikwenda nacho mwenyewe. Watoto wa wenye maduka walikuwa na vikombe vya bati vyenye maua. Solène, binti wa mwanasheria, alikuwa na kikombe cha fedha alichopewa siku ya ubatizo, jina lake limechorwa kwa herufi zenye mikia. Huguette alikuwa na kopo la maziwa ya unga ambalo baba yake aliligongagonga kingo kwa nyundo lisimkate midomo. Lilikuwa safi, mama yake alilisugua kwa mchanga. Lakini watoto hawakumwita tena Huguette. Walimwita Kopo. "Kopo, sogea." "Kopo, kalete maji." Na kwa kuwa Kopo alikuwa Kopo, alikwenda, kila siku, akarudi na jagi zito likimlowesha soksi.

Halafu siku moja, baada ya likizo, waliingia wakakuta meza zimepangwa glasi. Zote sawa. Hakuna yenye maua, hakuna yenye jina. Chini tu, ndani kabisa, kila moja ilikuwa na namba ndogo iliyoachwa na kalibu ya kiwandani, namba isiyo na maana yoyote. Ni nani aliyeanza mchezo hakuna ajuaye. Katika nchi ile mchezo huo uko kila shule, kama ule wa kurukia miraba ya chaki. Unainua glasi yako, unachungulia kitako chake, na namba unayoiona ndiyo umri wako. "Una miaka mingapi?" "Ishirini na saba!" "Mimi arobaini, niamkie!" Na mwenye umri mdogo kuliko wote mezani ndiye anayetumwa maji, maana mdogo ndiye hutumwa, dunia nzima.

Siku ile ya kwanza Huguette alikuwa na thelathini na nane. Solène alikuwa na nne. Binti wa mwanasheria aliitazama meza nzima, akitafuta mtu wa kumsukumia jambo lile. Hakumpata. Akachukua jagi, akaenda. Aliporudi alimmiminia kila mtu, akamfikia Huguette, akauliza kwa sauti ndogo, "Wewe unaitwa nani kweli?"

Huguette hakuwahi kumsimulia mtu kisa hicho, hata mumewe. Alimaliza shule mapema, akaajiriwa kuosha vyombo katika kantini ileile, baadaye akapandishwa akawa mpishi. Aliolewa na Lucien, fundi wa mapaa, mtu wa maneno machache na miluzi mingi, ambaye siku moja ya barafu alianguka kutoka paa la ghala na hakuinuka tena. Régis alikuwa bado hajui kufunga kamba za viatu. Tangu hapo Huguette akawa mama wa kusikiliza: hatua za ngazini, kikohozi cha usiku, ukimya wa mtoto aliyekawia kurudi na baiskeli. Alimlisha kantini kama wengine wote. Mara moja Régis alimnong'oneza, "Mama, nipangie namba kubwa, wananicheka nikitumwa." Alimkatalia. Mtoto alilia, akabeba jagi akilia, na Huguette aligeukia sufuria asimwone.

Basi asubuhi ile ya Jumatano, mwanga ulipokuwa bado wa kijivu, alifungua kantini, akashusha glasi zote kutoka kwenye rafu. Aliketi nazo dirishani. Akachukua moja baada ya moja, akaipitisha ukucha ndani na nje, polepole, kama mama anayemtafuta mtoto mwiba. Iliyokuwa na mkwaruzo au pengo aliiweka kando. Hakuionea huruma hata moja. Aliposikia kengele ya kwanza ya kanisa, alikuwa amejaza maboksi mawili ya hizo mbovu, akayatoa nje uani, chini ya kipaa cha mlango. Zilizobaki akazirudisha juu. Kisha akabandika dengu.

Régis alikuja na mnunuzi kabla ya chakula cha mchana. Bwana Maraval alikuwa mtu mwenye mvi nzuri, skafu ya hariri, na sauti ya kubembeleza paka. Alikuwa na gari kubwa lililojaa mablanketi. Régis alisimama mlangoni amejikaza, kama anayengoja kurushiwa kiatu, lakini mama yake alifungua milango yote na kutabasamu.

"Karibuni. Ingieni, kuna baridi. Bwana, nipe koti lako, hapa ndani pana joto. Hamuwezi kubeba mizigo na njaa."

"Bibi, nisingependa kusumbua," alisema Bwana Maraval, na papo hapo akaona meza. "Lo! Sahani za asali! Umetuandalia katika zile zenyewe?"

"Ni sahani, bwana. Zimetengenezwa za kulia."

"Mimi huwaambia wateja wangu wasizitumie kabisa. Unaziweka kabatini, taa ndogo kwa nyuma. Jioni zinawaka kama moto wa kuni!"

"Na wao wanakula kwenye nini?"

Bwana Maraval alicheka, hakujua kama ni utani. Dengu zilifuka moshi, na soseji zimekatwa katikati yake, mkate upo, haradali ipo. Wakaketi. Régis alimtupia mama yake jicho lililosema, *unafanya nini?* na mama yake akalirudisha lile jicho bila kulijibu.

Glasi tatu zilikuwa zimefudikizwa mezani. Na hapo lilitokea jambo ambalo hutokea kwa kila mtu aliyelelewa nchi ile, awe waziri au mchunga mbuzi. Bila kufikiri, kila mmoja aliinua glasi yake, akaigeuza, akachungulia kitako.

"Kumi na tisa," alisema Régis, kabla hajajizuia.

"Arobaini na nne," alisema Huguette. "Niamkieni."

Bwana Maraval alikunja uso, akasogeza glasi kwenye mwanga. "Mbili."

"Mbili!" Régis alipasuka kicheko. "Mbili! Huyu bado ananyonya! Mdogo, maji!"

"Mdogo, maji!" alisema Huguette, akigonga meza kwa kijiko.

Uzee wote ulimtoka yule bwana usoni. Alibaki mvulana wa kaptura. "Miaka mingapi sijasikia hayo! Kwetu Tarbes, nilikuwa napata ndogo kila siku, kila siku, nilikuwa nadhani wananiloga!" Alishachukua jagi. "Bomba liko wapi?"

"Uani, mlango huo, upande wa kushoto. La jikoni linatoa kutu."

Akatoka akipiga mluzi. Huguette akainuka, akaufunga mlango nyuma yake, akasukuma komeo; ule wa mbele alishaufunga kwa funguo tangu walipoingia.

Kicheko cha Régis kilikufa kidogo kidogo. "Mama. Umeipanga ile namba."

"Nimeipanga."

"Miaka yote ile ulikataa kunipangia!"

"Wewe ulikuwa mwanangu. Yeye ni mnunuzi."

Mlango uligongwa kwa adabu, vidole viwili. "Bibi? Nadhani mlango umejifunga!"

"Haujajifunga, bwana!" Huguette aliita. "Nimeufunga! Maboksi yako hayo hapo chini ya kipaa, mawili. Glasi zilizomo zina mikwaruzo, ndizo unazoweza kuchukua. Waambie wateja wako wasizitumie, kama ulivyosema."

Nje, maboksi yalisikika yakisogezwa. Halafu: "Koti langu!"

Huguette alilichukua lile koti, akafungua dirisha dogo la kuelekea uani, akalitoa, na nyuma yake akatoa kipande cha mkate kilichopakwa dengu. Hakutaka mtu aseme kwamba mtu alitoka kantini yake na njaa. Akafunga dirisha.

"Umepata wazimu," Régis alisema, akiwa amesimama. "Ni uamuzi wa halmashauri! Wamepiga kura!"

"Funguo hazipigi kura."

"Watakufukuza. Umebakiza kidogo ustaafu, watakufukuza kwa ajili ya glasi!"

"Wanifukuze. Waje wanitoe na sufuria zangu, Mzee Pottier atapiga picha." Akavuta kiti. "Keti, nikuulize. Capucine keshanunuliwa kikombe?"

Régis hakuketi. "Mama yake alimnunulia Jumamosi."

"Nimekiona. Kina farasi mwenye pembe na jina lake kwa rangi ya dhahabu. Kizuri. Na Iliana Ferreira, anayekaa naye meza moja, ambaye mama yake anasafisha ofisi zenu usiku? Yeye ataleta nini?"

"Ataleta… atakachokuwa nacho."

"Hapo umesema."

"Ni kikombe tu, Mama!"

"Mimi waliniita Kopo." Lilitoka hivyo, bila kupangwa, na Huguette mwenyewe alishangaa kulisikia kwa sauti yake mwenyewe humo ndani. "Nilinywea kopo la maziwa, na wakaniita Kopo, mpaka zilipokuja hizi. Baba yako hakujua. Sasa wewe unajua. Glasi hizi hazijui baba yako ni nani. Leo mdogo ni wewe, kesho ni mimi, keshokutwa ni binti wa mwanasheria, na maji anayaleta. Ukishaandika majina kwenye vikombe, Régis, ni nani atakayetumwa? Unajua ni nani. Utanyosha tena mkono useme hujui?"

Régis aliitazama glasi yake. Nje maji yalimwagika. Mtu alikuwa ameweka jagi chini kwa hasira.

"Na zikipasuka?" Régis aliuliza, na safari hii haikuwa sauti ya diwani. "Mama, mimi silali. Kila nikifumba macho namwona na damu, ingawa hapakuwa na damu."

"Mimi pia silali." Huguette alimkaribia. "Unadhani moyo wangu ni wa kioo kilichopikwa? Leo nimepitisha ukucha kwenye kila moja. Nitapitisha kila Ijumaa mpaka nitakapotoka hapa, na atakayenifuata nitamfunza. Zile mbovu aende nazo huyo bwana. Zikipasuka, zitapasuka kabatini, na kabati halina midomo. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi. Lakini plastiki haitakuahidi chochote pia. Mtoto anaweza kuanguka ngazini na kikombe chake kizuri mkononi." Kisha akaongeza, "Jana Capucine alikunywa. Kwenye glasi."

"Nani alimpa?"

"Alichukua mwenyewe. Nilikuwa nimemwekea kikombe cha plastiki kama ulivyoagiza. Akakisukuma. Akachungulia kitako cha glasi, akapiga kelele kwamba yeye ni bibi kizee, akanywa. Nilikaa nikimtazama mpaka tone la mwisho. Niliogopa kuliko yeye. Lakini alikunywa."

Mlango sasa ulipigwa kwa ngumi. Sauti ya kubembeleza paka ilikuwa imekwisha.

"Bwana diwani! Uko humo? Nina hati ya manispaa mfukoni! Mwambie huyo mwosha vyombo wako afungue, sina siku nzima ya kupoteza na kichaa wa jikoni!"

Huguette aliona uso wa mwanawe unabadilika, lakini hakuweza kusoma umebadilikia upande gani, yeye aliyezoea kumsoma kwa mlango wa gari. Régis alivua miwani, akaivaa tena. Akaenda mlangoni. Hatua zake zilikuwa nzito kama za baba yake akishuka ngazi na mzigo.

Mama yake hakumfuata. Alishika mgongo wa kiti. Alisema tu: "Komeo hilo hapo. Mimi sina nguvu za kukuzuia."

Régis aliweka mkono juu ya komeo. Lilikuwa la zamani, halikuingia vizuri. Huguette alikuwa amelisukuma nusu tu kwa haraka yake, na kila ngumi ya nje ililitingisha. Ungeweza kulifungua kwa kidole.

"Bwana diwani!"

"Nipo," alisema Régis, mdomo karibu na mbao. "Bwana Maraval, huyo mwosha vyombo ana jina. Anaitwa Bi Bourgoin. Jina hilo ni langu pia."

"Sikukusudia… Tafadhali fungua tuzungumze kama watu wazima."

"Watu wazima? Wewe una miaka miwili, bwana."

Huguette aliziba mdomo kwa aproni.

"Nitaishitakia manispaa!" ilifoka sauti ya nje. "Nitampigia meya sasa hivi!"

"Mpigie. Mwambie nimesema nataka kikao kingine, na safari hii nitazungumza kabla ya kunyosha mkono. Mwambie pia nani amekataa kukufungulia, usije ukamtaja mama yangu peke yake." Akapumua. "Chukua maboksi yako mawili, bwana. Ni mazuri. Yana rangi ya asali."

Kisha, kwa kitako cha kiganja, alilipiga komeo likaingia mpaka mwisho.

Alirudi mezani akiwa ameiva masikio kama mvulana aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Aliketi, akavuta sahani. Mama yake alimkatia mkate, akamwongezea soseji bila kumuuliza. Hawakutazamana, ingekuwa taabu kutazamana.

"Dengu zimepoa," alisema Régis.

"Kula hivyohivyo."

Nje, ngumi iligonga tena, mara hii polepole zaidi. Hakuna aliyeinuka.